Mfuko wa Dola 35 kwa Mbwa: Ununuliwe au Uachwe Rafuni?

Wafugaji wa mbwa wamekuwa wakileta swali lilelile kwa sura tofauti. Mmoja yuko Nairobi. Ameona mfuko mdogo katika duka la vyakula vya wanyama, akadhani bei imebandikwa kimakosa. Mwingine yuko Birmingham. Jirani yake amemwambia kwamba punje kavu za mfuko ni takataka, na kwamba mbwa anayependwa hulishwa nyama mbichi iliyokaushwa kwa baridi. Wa tatu ana mbwa mzee anayesusa bakuli, na ameahidiwa kwamba chakula hiki hakisuswi. Wote wanataka kujua fedha hizo zinanunua nini hasa.

Jibu fupi ni kwamba zinanunua wepesi wa kubeba na kuhifadhi nyama mbichi, pamoja na ladha ambayo mbwa wengi huipenda mno. Hazinunui usalama, na hakuna aliyethibitisha kwamba zinanunua afya ambayo chakula kingine kamili hakiwezi kuitoa. Kwa nyumba nyingi matumizi yenye maana ni vipande vichache kwa siku, kama tuzo au kionjo juu ya chakula cha kawaida. Zipo pia nyumba ambazo hazifai kukiingiza kabisa. Maswali matatu yanatosha kumwonyesha kila mfugaji yuko upande gani.

Kilichomo ndani ya mfuko

Nyama, ini, moyo, figo na mara nyingi mifupa iliyosagwa hugandishwa, kisha huwekwa katika chumba kilichonyonywa hewa. Humo barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji. Kinachobaki ni vipande vyepesi vinavyovunjika kwa vidole, ambavyo kwa kawaida unyevu wake hauzidi asilimia 5.

Pasipo unyevu bakteria hawazaliani, ndiyo maana mfuko hukaa rafuni bila friji. Lakini kutozaliana si kufa. Maabara za vijidudu hutumia njia hiihii kuwahifadhi bakteria wakiwa hai kwa miaka mingi. Salmonela iliyoingia kwenye nyama machinjioni inaweza kungoja ndani ya kipande kikavu mpaka maji yarudi.

Baadhi ya makampuni huongeza hatua moja: nyama hubanwa kwa mgandamizo mkubwa wa maji baridi, karibu megapaskali 600, ili kuua vijidudu bila kuipika. Hatua hiyo hupunguza hatari sana, ila haiifuti. Wengine huitumia kwa kuku tu, na wapo wasioitumia kabisa. Mfuko usiposema, mfugaji aandikie kampuni na kuuliza.

Rafu moja inaweza kubeba bidhaa nne zinazofanana kwa macho:

- Nyama mbichi iliyokaushwa kwa baridi. Ndiyo inayozungumzwa hapa.
- Nyama iliyopikwa kwanza, kisha ikakaushwa kwa baridi. Hatari ya vijidudu ni ndogo zaidi, na kwa jicho haina tofauti na ile mbichi.
- Nyama iliyokaushwa kwa hewa ya uvuguvugu. Huwa laini kidogo, kama nyama iliyoanikwa. Usalama wake hutegemea joto na muda uliotumika.
- Punje za kawaida zilizochanganywa au kupakwa nyama mbichi kavu. Hapa wengi huteleza. Huuzwa kwenye mfuko mkubwa wa punje, na wanunuzi hudhani si chakula kibichi. Ni kibichi, na tahadhari zote zinakihusu.

Swali la kwanza: ni nani anaishi nyumbani?

Wengi huanza na bei au na protini. Ni afadhali kuanza na watu, kwa sababu hapa jibu linaweza kumaliza mjadala.

Kati ya mwaka 2010 na 2012, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilishirikiana na maabara kadhaa kupima vyakula vya wanyama wa nyumbani. Katika sampuli 196 za vyakula vibichi, 15 zilikutwa na salmonela na 32 zikakutwa na listeria. Sampuli nyingi katika kundi hilo zilikuwa za nyama iliyogandishwa, lakini nyama inayokaushwa kwa baridi huanza safari yake palepale.

Nchini Kanada, mwaka 2023, wachunguzi wa afya ya umma walihusisha mlipuko wa salmonela sugu kwa dawa nyingi na vyakula vibichi vya mbwa pamoja na kugusana na ng'ombe. Sehemu kubwa ya waliougua walikuwa watoto wa miaka 5 au chini. Si lazima mtoto ale chakula cha mbwa kwa kijiko. Mtoto hutambaa sakafuni, hushika bakuli, hulambwa uso, kisha hutia vidole mdomoni.

Mbwa mwenyewe huenda asionyeshe dalili yoyote. Katika utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2007, mbwa 16 walilishwa mlo mmoja wa chakula kibichi chenye salmonela. 7 kati yao waliitoa kwenye kinyesi kwa muda uliofika hata siku 7. Wanaosema “mbwa wangu hajawahi kuumwa” wanaweza kuwa wanasema kweli tupu, na bado bakteria wako kwenye zulia.

Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani, AVMA, kilipitisha msimamo mwaka 2012 wa kutohimiza ulishaji wa mbwa na paka kwa nyama ambayo haijapitishwa katika hatua ya kuua vijidudu. Msimamo huo una wapinzani wake, wakiwemo baadhi ya madaktari. Hata hivyo, kwa nyumba zifuatazo ushauri wa makala hii hauna mzunguko: chakula hiki kiachwe dukani.

- Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5.
- Nyumba yenye mjamzito, kwa sababu listeria inaweza kuharibu mimba.
- Nyumba yenye mtu wa zaidi ya miaka 65 au mwenye kinga dhaifu: anayetibiwa saratani, aliyepandikizwa kiungo, anayeishi na VVU ambavyo havijadhibitiwa.
- Nyumba ambayo mbwa mwenyewe anatibiwa saratani au anatumia dawa za kushusha kinga.
- Nyumba yenye mbwa anayepelekwa kutembelea wagonjwa hospitalini au wazee katika makao yao.

Wenye paka nao wana la kufikiria. Desemba 2024, katika jimbo la Oregon, paka mmoja wa nyumbani alikufa kwa mafua ya ndege ya H5N1 baada ya kula chakula kibichi cha bata mzinga kilichogandishwa, na bidhaa hiyo ikarudishwa kutoka madukani. Mwezi uliofuata FDA iliwataka watengenezaji wa vyakula vya mbwa na paka kupitia upya mipango yao ya usalama kwa kuzingatia kirusi hicho. Paka hudhurika nacho kuliko mbwa, na paka hutembelea bakuli la mbwa bila kuomba ruhusa.

Swali la pili: ni mlo au ni kionjo?

Picha ya mbele ya mfuko haisemi lolote. Habari iko nyuma, kwa herufi ndogo.

Kwenye bidhaa za Marekani itafutwe kauli inayotaja AAFCO, chombo kinachoweka viwango vya lishe ya wanyama, pamoja na maneno “complete and balanced”. Maana yake chakula kinaweza kuwa mlo pekee wa mbwa. Bidhaa za Ulaya hutumia “complete” kwa mlo kamili na “complementary” kwa nyongeza. Huko viwango vinavyofuatwa na watengenezaji wengi ni vya FEDIAF, shirikisho la watengenezaji wa vyakula vya wanyama wa nyumbani barani Ulaya. Mfuko usio na kauli ya ukamilifu una kionjo tu, hata kama umeandikwa nyama asilimia 100. Maandishi hayo ya nyama tupu yenyewe ni onyo.

Nyama isiyo na mfupa ina fosforasi nyingi na kalisi kidogo sana. Mtoto wa mbwa akilishwa hiyo peke yake kwa wiki kadhaa, mwili wake huanza kukopa kalisi kutoka kwenye mifupa. Mifupa hulainika, miguu hupinda, wakati mwingine huvunjika bila pigo la maana. Ini nalo likizidi humjaza mbwa vitamini A kupita kiasi.

Mambo matatu ya kuthibitisha kwenye maandishi hayo:

1. Hatua ya maisha. Kauli iseme ni kwa mbwa wazima, kwa wanaokua, au kwa hatua zote.
2. Mbwa wa miili mikubwa. Watoto watakaofikia kilo 32 au zaidi wanahitaji chakula kinachotamka kwamba kinafaa ukuaji wa mbwa wakubwa. Kwao kalisi nyingi ni hatari kama kalisi chache. Mwenye mtoto wa German Shepherd, Rottweiler au Boerboel asiruke mstari huu.
3. Kilokalori. Kiasi kwa kilo au kwa gramu kiwe kimeandikwa. Kama hakipo, hesabu inayofuata haiwezekani, na kampuni isiyotaka hesabu ifanyike haistahili fedha.

Swali la tatu: bei halisi ni ipi?

Kulinganisha mfuko na mfuko hakusaidii, kwa sababu uzito na kilokalori za kila mfuko hutofautiana. Kipimo cha haki ni bei ya kilokalori 1,000.

Tuseme mfuko wa gramu 400 wa nyama iliyokaushwa kwa baridi unauzwa dola 35, na kila gramu ina kilokalori 5. Mfuko mzima una kilokalori 2,000. Basi kilokalori 1,000 ni dola 17.50. Tuseme tena mfuko wa kilo 15 wa punje unauzwa dola 60, na kila gramu ina kilokalori 3.6. Huo una kilokalori 54,000. Kilokalori 1,000 ni dola 1.11 hivi.

Mbwa anahitaji kiasi gani kwa siku? Kikokotoo cha simu kinatosha:

1. Chukua uzito wa mbwa kwa kilo, uuzidishe kwa wenyewe mara tatu. Kilo 20 × 20 × 20 ni 8,000.
2. Tafuta kipeuo cha pili, kisha kipeuo cha pili cha jibu hilo. Itakuwa 89.4, halafu 9.46.
3. Zidisha kwa 70. Hayo ni mahitaji ya mwili uliopumzika: 662.
4. Kwa mbwa mzima aliyehasiwa, zidisha kwa 1.6. Jibu ni karibu kilokalori 1,060 kwa siku.

Kwa bei za mfano wetu, mbwa huyo wa kilo 20 atakula zaidi ya dola 18 kwa siku za nyama kavu, yaani karibu dola 555 kwa mwezi. Kwa punje atatumia karibu dola 35 kwa mwezi. Mbwa mdogo wa kilo 5 anahitaji kilokalori 375 hivi. Nyama kavu itamgharimu mwenyewe dola 6.50 kwa siku, karibu 200 kwa mwezi.

Sasa igeuzwe iwe kionjo. Wataalamu wa lishe ya wanyama hushauri kwamba vitu vya ziada visizidi asilimia 10 ya kilokalori za siku, ili visivuruge uwiano wa mlo. Kwa mbwa wa kilo 20 hiyo ni gramu 21 hivi kwa siku, na mfuko wa gramu 400 utadumu karibu siku 19. Kwa yule wa kilo 5 ni gramu 7 au 8, na mfuko utakaribia miezi miwili. Ndiyo maana wenye mbwa wadogo husifu bidhaa hii kuliko wenye mbwa wakubwa.

Msomaji aweke bei za duka lake, kwa shilingi, pauni au dirhamu. Bei zikibadilika hesabu inabaki ileile.

Asilimia ya protini isimpumbaze mtu

Mfuko wa nyama kavu husema protini asilimia 44. Mfuko wa punje husema 26, na kopo la chakula laini husema 9. Anayesoma harakaharaka atadhani kopo ni maji matupu.

Maji ndiyo yanayopotosha. Ili kulinganisha kwa haki, asilimia ya unyevu hutolewa kwenye 100, kisha protini hugawanywa kwa kilichobaki na kuzidishwa kwa 100:

- Nyama kavu: protini 44, unyevu 5. Jibu ni asilimia 46.
- Punje: protini 26, unyevu 10. Jibu ni asilimia 29.
- Kopo: protini 9, unyevu 78. Jibu ni asilimia 41.

Kiwango cha chini cha AAFCO, kikipimwa kwa njia hiyo, ni asilimia 18 kwa mbwa mzima na 22.5 kwa anayekua. Punje za mfano zinavipita vyote viwili.

Namba ya kuangaliwa kwa makini zaidi ni ya mafuta. Nyama nyingi za aina hii zina mafuta ya asilimia 25 hadi 35. Mbwa mnene, mbwa aliyewahi kuugua kongosho, au wa ukoo unaojulikana kwa tatizo hilo kama Miniature Schnauzer, asipewe bila daktari wa mifugo kusema neno.

“Lakini mimi nimesikia…”

*“Mbwa ni mbwa-mwitu, tumbo lake limeumbiwa nyama mbichi.”* Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Erik Axelsson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walichapisha katika jarida la Nature ulinganisho wa jeni za mbwa na za mbwa-mwitu. Mbwa wana nakala nyingi zaidi za jeni inayosaidia kusaga wanga. Kwa maelfu ya miaka wamekula makombo ya binadamu, na miili yao imefuata. Mbwa wa Pwani aliyekua kwa ugali na vichwa vya dagaa hakuhitaji maabara kuthibitisha hilo.

*“Kupika kunaua vimeng'enya.”* Ni kweli, ila mbwa hategemei vimeng'enya vya kwenye nyama. Kongosho lake hutengeneza vyake. Mbwa ambaye kongosho lake limeshindwa kazi hiyo ni mgonjwa, na huhitaji dawa.

*“Nywele zake zimeanza kung'aa na kinyesi kimepungua.”* Mambo yote mawili hutokea. Mafuta mengi hung'arisha nywele. Chakula kisicho na nyuzinyuzi na kinachosagika vizuri huacha mabaki machache. Lakini chakula kizuri kilichopikwa chenye mafuta ya kutosha kinaweza kuleta matokeo hayo. Kamati ya lishe ya WSAVA, shirikisho la dunia la madaktari wa wanyama wadogo, inasema hakuna ushahidi uliothibitishwa kwamba nyama mbichi ina faida za kiafya kuliko chakula kamili kilichopikwa.

*“Husafisha meno.”* Kipande kinachovunjika kwa vidole hakiwezi kukwangua jino. Mswaki na dawa ya meno ya mbwa vitafanya kazi hiyo.

*“Mbwa wangu ana mzio wa punje.”* Mzio wa chakula kwa mbwa mara nyingi hutokana na protini, kama ya ng'ombe, maziwa au kuku, si umbo la chakula. Anayedhurika na kuku atadhurika na kuku mkavu vilevile. Kinachosaidia ni jaribio la chakula maalumu kwa wiki 8 au zaidi chini ya uangalizi wa daktari, bila kionjo kingine chochote.

*“Mbwa wangu hali kitu kingine.”* Mbwa aliyeacha kula ghafla apelekwe kwa daktari kabla ya kubadilishiwa chakula, kwa sababu jino bovu na ugonjwa wa figo huanza hivyo. Akionekana mzima na ni mzee mchaguzi tu, kubomolea kipande kimoja juu ya bakuli lake ni njia halali ya kumchangamsha.

Kwa walio Afrika Mashariki

Wapo wanaosema: kama ni nyama mbichi, machinjio iko jirani, matumbo na mapafu ni bei ya chee. Hapo hatari hubadilika sura. Mapafu na maini ya mbuzi, kondoo na ngamia yanaweza kuwa na vifuko vya maji vyenye watoto wa tegu mdogo wa mbwa. Mbwa akila, hupata tegu. Mayai yake yakiingia mdomoni mwa binadamu, huota uvimbe mkubwa kwenye ini au mapafu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ilijulikana kuwa miongoni mwa sehemu zenye ugonjwa huo kwa wingi zaidi duniani, na shirika la afya la AMREF liliendesha mpango wa kuudhibiti huko tangu miaka ya 1980.

Kugandisha kwa baridi kali kwa siku kadhaa huwaua watoto wa tegu hao, hivyo kwa upande wa minyoo bidhaa ya kiwandani iko mbele ya matumbo mabichi. Lakini sufuria iko mbele ya vyote viwili. Nyama za ndani zilizochemshwa mpaka katikati, zikachanganywa na chakula kamili, ni nafuu na salama kuliko mfuko wa dola 35.

Mambo mengine mawili ya huku:

- Unyevu wa Pwani. Nyama hii hunyonya maji hewani upesi. Mombasa, Tanga au Unguja, mfuko ulioachwa wazi utalainika, na bakteria waliokuwa wamelala wataamka. Ununuliwe mfuko mdogo, ufungwe palepale, uwekwe mahali pakavu penye kivuli. Vipande vikinata au vikinuka mafuta yaliyochacha, vitupwe.
- Mizigo ya safarini. Ndugu wa Marekani au Dubai asitumwe kuleta kwenye sanduku bila kuuliza. Bidhaa za nyama, hata za mbwa, huhitaji kibali cha mamlaka za mifugo kuingizwa Kenya au Tanzania. Anayekwenda Ulaya ajue kwamba Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria wa kutoka nje ya umoja huo kuingia na nyama, na zuio hilo linahusu pia chakula cha wanyama chenye nyama.

Aliyeamua kununua afanye hivi

1. Anza na mfuko mdogo kuliko yote. Mbwa anaweza kukikataa chakula hiki, au kikamharisha.
2. Pima kwa mizani ya jikoni. Kipande ni chepesi lakini kimejaa nguvu. Kukadiria kwa kiganja ndiyo njia ya haraka ya kumnenepesha mbwa.
3. Kama ni mlo mzima, badilisha kwa siku 7 hadi 10. Robo ya chakula kipya kwa siku chache, kisha nusu, kisha robo tatu. Kinyesi kikilegea, rudi hatua moja.
4. Rudishia maji kama mfuko unavyoagiza. Tumia maji ya uvuguvugu, ungoje vipande vilainike. Maji ya kunywa yawepo kando wakati wote.
5. Chakula kikishaloa, kihesabu kuwa nyama mbichi. Kisichomalizwa ndani ya dakika 30 kiondolewe, na mapema zaidi kwenye joto.
6. Tenga bakuli na kijiko cha mbwa. Vioshwe kwa sabuni na maji ya moto kila baada ya mlo, mbali na sinia za chakula cha watu. Sehemu iliyomwagikiwa ioshwe, kisha ipanguswe kwa mchanganyiko wa kijiko kikubwa kimoja cha klorini ya kufulia kama Jiki kwa lita moja ya maji.
7. Nawa mikono kwa sabuni kwa sekunde 20, hata baada ya kushika kipande kimoja kikavu.
8. Zoa kinyesi siku hiyohiyo, na mbwa asilambe uso wa mtu baada ya kula.

Makosa yanayorudiwa

- Kumpa mtoto mdogo kazi ya kumtuza mbwa vipande hivi kwa sababu vinaonekana kama biskuti kavu. Ni nyama mbichi mkononi mwa mtoto.
- Kumwagia maji yanayochemka na kuhesabu kuwa chakula kimepikwa. Kuku hupikwa mpaka katikati yake ifike nyuzi joto 74. Maji ya birika yakipoa ndani ya bakuli hayathibitishi hilo.
- Kuongeza nyama kavu juu ya mlo kamili bila kupunguza mlo wenyewe. Baada ya miezi michache ukanda wa mbwa haufungi.
- Kumlisha mfululizo bidhaa ya kionjo kwa sababu “anaipenda”.
- Kukausha nyama juani au kwenye oveni nyumbani na kudhani ni kitu kilekile. Kiwanda huondoa maji kwa baridi na utupu, na mlo kamili huongezewa madini na vitamini kwa vipimo.
- Kumficha daktari. Daktari asiyejua mbwa anakula nini atatafuta ugonjwa upande usiohusika.

Lini kuacha na kupiga simu

Mbwa anayetapika mara kwa mara, anayeharisha damu, mwenye homa, au anayeinua makalio huku kifua kikigusa sakafu kwa maumivu ya tumbo, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Mkao huo unaweza kuashiria ugonjwa wa kongosho. Mtu wa nyumbani akipata homa na kuhara, amwambie daktari wake kwamba nyumba ina mbwa anayekula nyama mbichi. Taarifa hiyo hubadilisha vipimo vitakavyoagizwa.

Ili chakula kiweze kufuatiliwa, nyama isihamishiwe kwenye kopo la nyumbani na mfuko kutupwa. Ibaki ndani ya mfuko wake, au namba ya toleo na tarehe ya mwisho ya matumizi zipigwe picha, na risiti ihifadhiwe. Bidhaa za aina hii zinaporudishwa kutoka madukani, tangazo hutaja namba hizo, na asiye nazo hawezi kujua kama chakula kilichoko jikoni kwake ndicho kinachotafutwa.